Yadi Alizokimbia Kaka Yangu

Uvumilivu wangu uliisha siku ofisa wa michezo wa chuo, mtu mpole, sauti ya kubembeleza, alipompa mwanangu pipi halafu akanigeukia mimi. "Basi dada, mwambie kaka yako mwenyewe atuandikie. Mechi kwa mechi, alikimbia yadi ngapi. Akikumbuka, tutabadilisha."

Akikumbuka!

Kaka yangu hakumbuki kama amekula. Yuko Moshi kwa mama. Asubuhi anauliza baba yuko wapi, anaambiwa tulishamzika, analia upya kama ndiyo kwanza anasikia. Mchana anauliza tena. Na kichwa hicho kiliharibikia pale pale Guangzhou, kwenye uwanja unaoonekana kutoka dirisha la ofisi ile. Nilimtoa mwanangu pipi mdomoni, nikaiweka na mate yake juu ya makaratasi ya yule ofisa, nikamwambia kwa Kichina cha sokoni, maana ndicho ninachokijua, kwamba wauza nguo walioninyima mzigo wana adabu kuliko yeye. Nikambeba mtoto, nikatoka.

Lakini wewe rafiki yangu huwezi kuijua hasira yangu bila kujua ile nyumba, yale majira, na huyo kaka alivyokuwa. Keti nikusimulie.

Mama yangu alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Baba alipofariki alinichukua, nikiwa mtoto wa shule ya msingi, tukaja kukaa chumba kimoja Guangzhou, ghorofa isiyo na lifti. Kaka alikuwa ametangulia, ana ufadhili wa chuo kikuu, anasomea uhandisi. Mama alikuwa akitoka alfajiri kwenda Shahe, kule nguo za bei ya chini zinakouzwa kwa jumla, na kurudi jua likiwa kali, kigari kinalia ngongongo kwenye ngazi. Kazi yangu ilikuwa kukata nyuzi. Mashati yalikuja na nyuzi zinaning'inia kila mahali, nami nakaa sakafuni na kimkasi, nakata, nakunja, huku mama anafunga robota, selotepu inalia krrrr. Mpaka leo nikisikia selotepu ikivutwa nahisi njaa, maana mlio ule ukikoma ndipo tulipokula.

Majira ya kuchipua, kuta za Guangzhou hutoka jasho. Sikutanii. Unapapasa ukuta mkono unarudi umelowa, nguo hazikauki wiki nzima, chumba kizima kinanuka kitambaa kipya na mkate uliovunda. Mama alikuwa akipiga pasi mashuka ndipo tulale. Tulilalamika sana. Leo ningelipa nilale tena kwenye unyevu ule, na kaka amelala kwenye godoro la chini, anakoroma, akili zake zote kichwani.

Jumamosi ilikuwa ya kaka. Jumamosi tulikwenda uwanjani.

Chuoni kulikuwa na timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa mpira uliochongoka kama papai dogo, wanaoucheza wamevaa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Wanafunzi wa Kichina waliuanzisha wenyewe, kwa mapenzi tu, na mkufunzi mmoja aliyewahi kusoma nje. Kaka hakuwa ameuona hata kwenye televisheni. Walimwona akikimbilia basi, wakamfuata mpaka ndani ya basi. Kazi waliyompa ilikuwa moja: pokea mpira, kimbia mbele, usikubali kuangushwa. Kila anapoangushwa wanapima amesogea yadi ngapi, na hizo yadi ni zake, zinaandikwa. Mwisho wa msimu zinajumlishwa. Mimi sikuzijua sheria nyingine wala sikuzitaka. Nilijua kwamba kaka akiwa na mpira, uwanja wote unasimama, na wasichana wa Kichina wanapiga kelele "Jiayou! Jiayou!", yaani ongeza mafuta, na mama yangu, mwanamke wa kanisani, anapanda juu ya benchi na viatu vyake.

"Kimbia baba! Kimbia! Wanakutaka kiuno hao!"

"Mama, shuka, watu wanatuangalia."

"Waangalie. Nimewalipa?"

Alichokuwa anajivunia mama zaidi ya mbio ni mtori. Alikwenda kwa muuza mboga wa chini ya ghorofa kutafuta ndizi mbichi kabisa, na yule mama wa Kichina kila mara alimkatalia, anamwonesha zilizoiva, anamwonesha tumbo, kwamba hizi mbichi zitakuumiza. Mama naye anamwonesha sufuria kwa mikono. Mwisho yule mama akawa anamwekea mkungu pembeni, anacheka mwenyewe. Zikachemshwa na mifupa ya ng'ombe, zikapondwa, zikatiwa kwenye chupa kubwa za chai. Timu nzima ilikunywa mtori baada ya mechi. Vijana wa Guangzhou, wamelowa jasho, wanapuliza vikombe, wanasema "uji wa Afrika". Mama aliwaambia wote ni wanawe. Aliamini.

Sasa sikiliza habari ya jezi, maana ubishi wote umelala hapo.

Timu ile haikuwa na fedha, kwa hiyo jezi zilirithiwa. Anayemaliza chuo anafua jezi yake kwa mkono, anaikunja, na mbele ya timu nzima anamkabidhi mdogo wake wa timuni kwa mikono miwili. Nambari ni heshima. Na kwenye daftari la mechi waliandika nambari tu, hawakuandika majina, kwa sababu majina ya wageni yaliwashinda kuandika na kwa sababu kila mtu uwanjani alijua nani kavaa nini. Utaratibu mzuri kabisa, wa watu wanaojuana. Kaka alirithi ishirini na saba. Mama aliishona kwapani kila wiki kwa uzi aliokuwa akiununua Zhongda, kwenye soko la vitambaa, uzi mgumu wa turubai, akisema, "Utachanika mwili, hii itabaki."

Msimu wake wa mwisho kaka alikimbia kuliko mtu yeyote aliyewahi kukimbia pale. Walituambia katikati ya msimu kwamba rekodi ya chuo imeshavunjwa, anachoongeza ni chumvi. Jirani yetu, mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa akitusuka nywele, alimpikia pondu, kisamvu cha kwao.

Halafu ikaja ile mechi. Kaka alipokea mpira, akapigwa kutoka pande mbili kwa pamoja, kofia kwa kofia. Mlio wake sikuwahi kuusikia tena popote, na sitaki. Alilala. Akaamka. Akatembea, akaenda kuketi kwenye benchi la wapinzani, akaweka mikono magotini, ametulia kama mtu anayesubiri basi. Uwanja mzima ulicheka. Walidhani anafanya vichekesho, maana alikuwa na utani mwingi. Mkufunzi alimfuata, akamshika mkono, akamnywesha maji, akamuuliza mko wangapi nyumbani au sijui nini, na baada ya muda kidogo akamrudisha uwanjani. Hakukuwa na mkimbiaji mwingine.

Mama alishuka kwenye benchi. "Mwanangu hayuko sawa," alisema. "Nimemzaa mimi. Huyo anatembea na mguu wa mtu mwingine." Alimwambia mkufunzi kwa Kiswahili, akamwambia kwa Kiingereza, akamshika shati. Walimrudisha kwenye benchi lake kwa heshima zote, wakamletea chai.

Na kaka akakimbia. Hapo ndipo ninaposhindwa, rafiki yangu. Alikimbia vizuri. Alikimbia siku ile na Jumamosi zilizofuata, anatapika kando ya uwanja, anafuta mdomo, anapokea mpira. Zile yadi za mwisho, zilizoifanya rekodi yake iwe kubwa hivyo, alizikimbia kichwa kikiwa kimeshapasuka ndani. Alipokuja kupimwa ilikuwa ni baada ya kusahau njia ya kurudi nyumbani.

Hakumaliza chuo. Jezi hakuikabidhi yeye. Mama ndiye aliyeifua, akaikunja, akaipeleka, akampa kwa mikono miwili kijana wa Kichina wa mwaka wa kwanza, aliyekuwa akibeba chupa za maji. Tukafunga chumba. Mama aliuza mzigo kwa hasara, tukarudi Moshi.

Huko nikasoma mpaka kidato cha nne, na kaka akawa mtu wa kukaa kwenye kiti barazani. Unajua mtaa ulivyo. Alienda China na akili, amerudi hana, basi ni bangi. Ni unga. Ni zile dawa za Wachina. Mtu wa kanisani alimwambia mama usoni, "Mlimpeleka mbali mno, angalieni alichojifunza." Mama alijibu kwamba alikuwa mkimbiaji, aliumia mchezoni. Mchezo gani? Mpira. Mpira gani unaomaliza akili? Wakacheka. Mama hakubishana tena. Alikuwa akituambia sisi tu, "Mcheza kwao hutunzwa. Mwanangu alicheza ugenini."

Kwa hiyo niliporudi Guangzhou, mwenye mtoto sasa na biashara yangu ya jinzi za Xintang, nikasikia kwa wanafunzi wa kwetu kwamba chuo kimejenga ukuta wa kioo wenye rekodi zote, mrushaji bora, mdakaji bora, mkimbiaji bora wa msimu, jina na picha, nilimpigia mama simu papo hapo. Akapiga kigelegele. Akasema, "Piga picha, mama. Piga vizuri, jina lisomeke. Nitaitengeneza kubwa niitundike barazani, juu ya kiti chake. Waje waulize tena bangi."

Nilikwenda na mwanangu, nimemvalisha vizuri. Yadi ziko. Za msimu ule ule, mpaka ya mwisho. Juu yake jina la kijana wa chupa za maji, na picha yake anatabasamu ndani ya ishirini na saba.

Aliyejenga ukuta alichukua madaftari ya zamani, akakuta nambari, akauliza nambari hii ilikuwa ya nani, akaambiwa jina la mvaaji wa mwisho. Kwisha. Sisemi ni makusudi. Nasema nimekwenda ofisini tena na tena, nimeeleza, na kila mara naambiwa jezi ni moja, timu ni moja, nifurahi kwa ajili ya timu. Mpaka ile siku ya pipi.

Kijana mwenyewe nilimtafuta. Sasa ni mkufunzi msaidizi pale pale. Alinipokea vizuri, akamshika mwanangu shavu.

"Dada, msimu ule mimi sikugusa mpira," alisema. "Nilikuwa nabeba maji. Kaka yako ndiye aliyenifundisha kuanguka."

"Basi andika hivyo hivyo."

Akaangalia chini. "Picha ile mama yangu ameiweka sebuleni."

"Mama yako anayo ya kuweka. Mama yangu je?"

"Kusema nitasema, ukiniuliza wewe. Kuandika, dada, mkataba wangu unafanyiwa uamuzi mwaka huu."

Sikumtukana. Alikunywa mtori wetu. Ila kwenye barua yangu nimemtaja, na atanichukia, na sawa.

Nilikwenda kutazama ghorofa yetu. Imebomolewa, kuna duka la simu. Muuza mboga hayupo na hakuna anayemjua. Jirani wa Kikongo alikwisha kwenda zake. Uwanja wenyewe umewekwa nyasi za plastiki, hauna hata ule udongo mwekundu uliokuwa ukimshinda mama kwenye soksi. Watoto wa siku hizi wa timu wanavaa jezi mpya, na majina yao mgongoni. Hakuna tena wa kukabidhiwa kitu kwa mikono miwili. Kilichobaki cha miaka yetu ile hapa mjini ni zile yadi tu, na hata hizo zina jina la mtu mwingine.

Barua nimeiandika kwa Kiswahili, mwanafunzi mmoja wa kwetu ameitia Kichina, na zote mbili nimezipeleka kwa mkono ofisi ya mkuu wa chuo, nikasubiri zigongwe mhuri. Mwanafunzi alitaka nimalizie na "wako mtiifu". Nimekataa. Ninayotia hapa ndiyo yenyewe, bila jina la kaka na la yule kijana, ambayo wao wanayo.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU REKODI YA MKIMBIAJI WA JEZI ISHIRINI NA SABA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mdogo wake mtu aliyekimbia yadi mlizoziandika kwa jina la mwingine. Mliyemwandika msimu ule alikuwa akibeba maji, na anajua. Muulizeni mbele ya mkuu wake, aseme.

Ofisi yenu imetaka kaka yangu akumbuke. Hawezi kukumbuka. Aligongwa kichwa katika uwanja wenu, akaketi benchi lisilo lake, watu wakacheka, mama yake akaomba atolewe, naye akarudishwa kucheza. Yadi za mwisho kati ya hizo alizikimbia baada ya hapo. Mkiondoa jina lake kwenye yadi, mmeondoa na kichwa chake.

Naomba mambo mawili. Jina lake liandikwe. Na chini ya jina iandikwe kwamba aliumia hapa, akicheza, na si kwa sababu nyingine yoyote, ili mama yake aweze kupata picha ya ukuta huo na kuwaonesha watu.

Kama ukuta una nafasi ya yadi tu na hauna nafasi ya maneno hayo, basi futeni na yadi. Msimpe mtu mwingine.