Kanga Iliyochambuliwa Mtandaoni

Juzi nilikuwa kwa fundi simu mjini Singida. Yeye na mteja mmoja walikuwa wakijadili habari za mzee aliyeuawa nyumbani kwake upande wa Mgori. Mtandaoni kulikuwa na picha ya kanga yenye damu.

"Hii ni ya mke wake mdogo, ndiye aliyemuua," fundi alisema. "Watu wameshachambua, ushahidi umekamilika."

Mama aliyekaa kwenye benchi akaomba kuiona. Fundi akampa simu kwa mikono miwili.

"Kanga hii ni yangu," mama alisema taratibu. "Marehemu ni kaka yangu. Nilimfunika nayo, na polisi wanajua. Wifi yangu hapati usingizi kwa maneno yenu."

Fundi akaipokea simu yake. "Nisamehe, mama," akasema, akafuta maoni aliyokuwa ameandika chini ya picha ile. Kisha akaenda mwenyewe kumletea chai na andazi. Mama akalimega, akampa nusu. "Kula na wewe, baba."

Nilipoondoka mama alikuwa akimsimulia jinsi kaka yake alivyowasalimia ng'ombe wake kila asubuhi, mmoja mmoja, kwa Kinyaturu. Pamoja na uchambuzi wote ule, hakuna aliyekuwa ameuliza mzee mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani.