Punje ya Kahawa Shavuni mwa Clavery

Clavery hajawahi kukaa. Ukimwona kwenye kiti usidanganyike, anapita tu. Goti linacheza, kidole kinagonga meza, macho yameshafika kona ya barabara yanamsubiri. Ni fundi cherehani hapa Mkuyuni, Mhaya wa Muleba, jirani yangu ukuta kwa ukuta, na mimi niliyekulia nyuma ya ng'ombe wa baba yangu sijaona hata ndama wa kufungiwa akahangaika vile. Siku moja cherehani yake ya kukanyaga ilitembea kutoka kibarazani hadi ng'ambo ya lami kwa mtetemo wa miguu yake, naye yuko nayo anashona, mpaka trafiki akasimamisha magari. Asiyeamini amuulize trafiki. Amehamishwa, lakini amuulize.

Yote hayo ni kahawa, tena siyo ya kikombe. Kwao Muleba kahawa inachumwa, inachemshwa na majani yenye harufu nzuri, inakaushwa, halafu watu wanaitafuna kama sisi tunavyotafuna karanga. Mama yake humtumia, naye huiweka mfuko wa shati. Akifumbua macho asubuhi, kabla hajasema neno na mkewe Bernadeta, shavu limeshaanza kazi. Akitoka hapo ni jogingi.

Kikundi chetu cha jogingi Clavery ndiye kiongozi wake. Filimbi iko shingoni mwake, nyimbo anaanzisha yeye, wenzake wanaitikia. Alikuwa anakimbia kiasi kwamba kivuli chake kilikuwa kinarudi nyumbani kunywa uji, halafu kinamfuata tena njiani. Akirudi anashona huku mikono inatetemeka. Kuna mzee alipeleka kitambaa cha suruali akarudishiwa kitu chenye mguu mmoja mpana. Akakivaa hivyo hivyo kanisani, maana Clavery alimwambia ndiyo mtindo wa sasa Bukoba.

Kilichomfikisha zahanati ni moyo. Bernadeta alisema moyo wa mumewe unadunda kama mashine ya kusaga na yeye amechoka kulala kinuni. Nesi Modesta akampima presha, akaikuta juu.

"Baba, unatumia kahawa?"

"Sinywi hata kidogo, nesi."

"Mwonyeshe zilizo mfukoni," Bernadeta akasema.

Clavery akatoa konzi. Na kwa kuwa amelelewa vizuri, akatafuna moja yeye kwanza, ndipo akamnyooshea nesi mkono. Kwao anayekukaribisha kahawa lazima aanze yeye, ujue hajakutilia kitu kibaya. Na ukishaona ametafuna, ukikataa yako umemtukana.

Nesi akazitazama. "Hizi ndizo zinazokukosesha usingizi na kukutetemesha. Punguza kidogo kidogo. Ila mazoezi usiache."

"Mazoezi bila hizi?" Clavery akauliza, na hapo hapo goti likasimama. Bernadeta anasema tangu wamefunga ndoa hakuwahi kuona goti lile limesimama.

Kosa lake alimsimulia Masalu. Masalu ni Msukuma mwenzangu, yumo kikundini, ana bucha upande wa sokoni, mwili kama mlango wa ghala, na filimbi ile ameitamani siku nyingi.

"Kumbe," Masalu akasema, "miaka yote hii tunaongozwa na punje. Wewe ni kimfuko tu cha kuibebea."

Watu wakacheka. Clavery naye akacheka, lakini ilimwingia. Kila mwaka kikundi kinavuka na kivuko kwenda Kamanga, kinakimbia na vikundi vya Sengerema mpaka kijiji cha juu na kurudi. Mbele ya watu wote akasema: "Safari hii ya Kamanga nakimbia kwa miguu yangu mwenyewe. Nikishindwa kumaliza, filimbi ichukue wewe."

Nesi alisema kidogo kidogo. Mhaya na kidogo wapi na wapi. Aliacha zote siku moja.

Kichwa kilimuuma mpaka kofia ikawa inaomba ruhusa kushuka. Alimgombeza mteja, akaigombeza pasi, akamgombeza kuku wangu kwa jina. Kikundi kikaja kumwimbia mlangoni asubuhi, yeye akajifunika gubigubi.

"Waambie nimesafiri."

Bernadeta akafungua dirisha. "Amesafiri," akawaambia. "Yuko hapa kitandani."

Kichwa kilipopoa, mguu ukagoma. Nilimkuta asubuhi moja amevaa raba, amekaa juu ya jiwe pale njiapanda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Unakimbia?"

"Nakimbia."

"Naona jiwe ndilo linakuchelewesha."

Akashusha pumzi. "Bibi, miguu ipo, pumzi ipo. Hamu ndiyo haipo. Zamani nikitafuna tu, hamu inakuja yenyewe inanikuta. Sasa naingoja, haiji."

"Mimi nimechota maji tangu sijaota meno, sijawahi kuwa na hamu nayo hata siku moja."

"Ulikuwa unafanyaje?"

"Nilikuwa naogopa fimbo ya mama."

"Mimi sasa nani anichape?"

Nikakasirika, maana fimbo sikuwa nayo. Nikamwambia basi twende ziwani nikanunue dagaa, maana hapa hana kazi. Tukaenda. Mwendo wangu mnaujua, kobe ananipita na kunirudia kunipa pole. Clavery hakuuweza. Akawa anatangulia mpaka nguzo ya umeme, anarudi, ananizunguka, anatangulia tena. Tulipofika ziwani, mimi nimetembea mara moja, yeye amekimbia njia ile mara kumi na jasho linamtoka, na hakujua ameanza saa ngapi. Kesho yake akaja mwenyewe kuuliza kama dagaa zimekwisha. Nilikula dagaa mpaka nikaanza kuota magamba.

Basi ikabaki siku moja tu kufika ya Kamanga, na mchana huo akaingia mjomba wake, Revocatus, kutoka Muleba. Alikuja mjini kwa shughuli zake, na kesho yake angevuka na kivuko kile kile, maana basi lake lingemsubiri ng'ambo. Mimi nilikuwa pale nimekwenda kuomba chumvi. Chumvi nilikuwa nayo, ila nilitaka kumwona mgeni.

Mjomba akafungua kifurushi cha jani la mgomba. Harufu ikajaa sebule. Clavery pua zikapanuka kama za fahali aliyeona maji.

"Dada yangu amekuchemshia hizi kwa mikono yake," mjomba akasema. Akachukua tunda moja, akalibanja kwa meno, zikatoka punje mbili zilizokuwa zimelaliana. Moja akaitafuna, polepole, wote tunaona. Ya pili akamnyooshea. "Karibu, mpwa wangu."

Bernadeta akatazama sakafu. Kukataa ni kumwambia mama mzazi ametia sumu. Kutafuna, basi kesho akimaliza mbio hatajua milele ni nani aliyekimbia, yeye au punje, na filimbi ataivaa kama kitu cha kuokota.

Clavery akaipokea kwa mikono miwili. Akaiweka shavuni, akaiacha hapo.

Mjomba akalitazama lile taya. Taya halikwenda.

"Mbona hutafuni?"

"Naikaribisha kwanza, mjomba."

Mjomba alipokwenda kuoga punje ikatoka, ikaingia mfukoni. Mjomba aliporudi ikarudi shavuni. Mpaka usiku ikawa hivyo, ndani nje, ndani nje, kama panya na shimo.

Asubuhi tukapanda kivuko, mimi na sufuria langu la uji wa kuwapokea. Mjomba alikaa ubavuni kwa Clavery, kwa hiyo punje ikavuka ziwa ikiwa shavuni. Miguu ya Clavery ilivyokuwa ikitikisa bati lile, nahodha alifikiri ameongezewa injini.

"Fundi, jino?" Masalu akamuuliza.

"Mm."

"Toa filimbi mapema basi, ukapumzike."

"Mm-mm."

Wakaanza kukimbia. Mimi nilibaki na uji na mjomba na basi lake, kwa hiyo ya katikati nimeyapata kwa Masalu, na Masalu anaongeza chumvi kunizidi mimi.

Anasema kwenda walikwenda vizuri, ila kimya, maana kiongozi wa nyimbo mdomo umefungwa. Wakati wa kurudi, penye mchanga, Clavery akaachwa. Akaachwa tena. Mwisho akasimama, mikono magotini, kundi lote limeshapotea kwenye kona. Masalu akamrudia. Kwa nini alirudi mimi sijui. Kutaka filimbi ni kitu kimoja, kumwona mtu ameinama njiani ni kingine.

"Ng'ata," Masalu akamwambia. "Nimeiona hiyo kitu tangu kwenye kivuko. Ng'ata, twende. Sitasema."

Clavery akaitoa, akaitazama kiganjani. Imelowa, inanukia kwao.

"Nikiing'ata nitafika," akasema. "Halafu kesho nitaamka namna gani?" Akamtia Masalu mkononi. "Nishikie."

Mdomo ulipobaki mtupu, akapuliza filimbi, akaanzisha wimbo. Sauti mbaya, imekauka, iko mwisho kabisa wa msafara. Ila wale wa mbele kwenye kona wakasikia, wakaitikia, na ukiitikia lazima upunguze mwendo. Akawafuata akiimba, hatua mbili anatembea, tatu anakimbia. Mimi nilimwona anateremka kuelekea kivukoni, amepauka vumbi, wa mwisho. Alimaliza.

Masalu hakuwa nyuma yake. Udadisi. Alitaka kuionja tu ile punje. Alitupita pale tulipokuwa tumesimama, akalipita sufuria la uji, akalizunguka basi la mjomba, akaliacha, na kama si ng'ombe waliokuwa wanavuka barabara tungekwenda kumchukua Geita.

Mjomba akamgeukia Clavery. "Punje ya dada yangu iko wapi?"

Clavery hakuficha. "Amekula yule, mjomba."

Mjomba akatazama vumbi la Masalu. Kwao zamani, watu wawili wakigawana punje mbili za tunda moja ni undugu, hauvunjiki. Zamani waliweka na damu, lakini mjomba akasema jasho lile linatosha.

"Pacha wake nilitafuna mimi," akasema, uso haucheki. "Basi yule Msukuma ni ndugu yangu. Kwako wewe ni mjomba. Umheshimu."

Akapanda basi akaenda zake.

Filimbi bado iko shingoni mwa Clavery. Kahawa anatafuna moja, akisharudi kukimbia, au mgeni akija. Hamu anasema haijarudi, kila alfajiri anaitafuta chini ya mto haipo, goti linacheza ndani ya blanketi kwa hasira. Lakini nasikia ukutani kwangu mlango unagongwa, kwa mkono wa kukatia mifupa.

"Nani?" Clavery anauliza, na anajua.

"Mjomba."

Kitanda kinalia. Halafu raba zinaburutwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Toka."