Mawaridi Chini ya Milingoti

Bibi ndiye aliyemuoa mama yangu. Kwetu Tarime hilo halimshangazi mtu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akaoa msichana, na watoto watakaozaliwa huwa wa nyumba yake. Nyumba ntobu, ndivyo tunavyoiita. Bibi alitaka mjukuu wa kiume. Mama akamzalia mimi, msichana, kisha akakaa miaka bila kushika mimba.

Bibi hakumsamehe. Siku moja mama alirudi kutoka Bomani na vijiti vitatu vya mawaridi, akaomba mahali pa kuvipanda. Bibi akamwonyesha kwa kidevu chini ya milingoti, ile mikaratusi mirefu, mahali ambapo hata magugu hayaoti.

"Panda hapo. Wewe na hayo maua ni mamoja tu. Mnapendeza, lakini hamna faida."

Kila mtu anajua mlingoti unavyokunywa maji. Mama akachimba mtaro wa kina cha goti kati ya miti na maua yake, akajaza samadi upande wa pili. Kila mvua zilipoanza aliingia mtaroni na panga, akaikata mizizi iliyokuwa imerudi. Mwaka wa tatu mawaridi yakachanua, mekundu. Nilimkuta ameinama anayanusa, macho kayafumba. Nilikuwa sijawahi kumwona mama akiwa na kitu chake mwenyewe, na nilimwonea wivu.

Mwaka uliofuata akapata mimba, ikamsumbua hadi akalazwa hospitali. Kabla hajaondoka alinikabidhi panga. "Mwanangu, mizizi isivuke mtaro. Hilo tu nakuomba."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Aliyenigeuza ni Bibi. Alisema mtaro ule utamvunja ndama mguu, nichukue jembe niufukie. Ningeweza kukataa, au hata kulia kidogo. Lakini alikuwa ameniahidi gauni la Krismasi, na mimi nililitaka gauni lile kuliko nilivyomtaka mama. Nikafukia kwa siku mbili, nikashindilia udongo kwa miguu, huku ninaimba.

Mama alirudi baada ya wiki nyingi. Mtoto alikuwa wa kiume, naye hakuishi. Hakuingia ndani, alipitiliza moja kwa moja kwenye maua yake. Vilikuwa vijiti vikavu.

"Nani amefukia?"

"Muulize binti yako," Bibi akasema.

Mama akanitazama. Nilikuwa nimevaa gauni lile.

Kesho yake akarudi kwao Itiryo, peke yake. Watoto ni wa ng'ombe, na ng'ombe walitoka zizini kwa Bibi. Nilimkimbilia hadi njiani, hakugeuka nyuma.

Sasa Bibi haoni, na ni mimi ninayemlisha. Juzi, katikati ya uji, akanishika mkono.

"Mjukuu wangu, yale maua ya mama yako yalinukia vizuri. Niletee moja ninuse kabla sijafa."

Nikaenda chini ya milingoti, nikachuma jani, nikalifikicha na kumwekea puani. Akanusa kwa muda mrefu.

"Hili silo."

"Ndilo lililobaki, Bibi," nikamwambia. "Fungua mdomo."