Tarehe Kumi na Nne ya Mwalimu Palmares

Kwa miaka kumi na tisa Melinda Gumban ameuza tiketi za ndege mjini Iloilo, Ufilipino, na yeye mwenyewe hajawahi kuruka kupita Manila. Masaa ya safari za watu anayo kichwani. Kinachomchosha ni maswali.

Aliyemtoa jasho kuliko wote ni Mwalimu Eusebio Palmares, mstaafu wa hesabu, aliyekuwa anakwenda kumtembelea bintiye Vancouver. Alikuja Jumatatu. Akaja Jumanne. Alhamisi mchana, Melinda ndiyo kwanza ameshika kijiko cha batchoy, supu yake ya tambi, mzee akasukuma mlango, tufe la dunia kwapani.

"Inday, binti yangu, nimepima kwa uzi. Kilomita elfu kumi na mia tano. Sasa nieleze: ndege inatoka Manila saa tisa alasiri, inafika saa tano na nusu asubuhi, siku ileile. Inafika kabla haijaondoka?"

"Mwalimu, si nilikwambia juzi? Ni masaa kumi na moja na nusu angani. Wenzetu kule wako nyuma masaa kumi na tano."

"Na kurudi? Naondoka tarehe kumi na tatu usiku, nafika kumi na tano alfajiri. Na umbali ni uleule!"

"Kurudi upepo unaikabili ndege, masaa yanazidi, yanafika kumi na matatu. Halafu yale uliyopewa wakati wa kwenda unayarudisha."

"Nani aliomba kupewa?"

Tambi zilikuwa zinavimba bakulini. "Mwalimu, umefundisha hesabu miaka arobaini. Leo nikufundishe mimi kujumlisha?" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka; wateja wawili kwenye benchi wakageuka.

Mzee aliliweka tufe juu ya meza, taratibu. "Kujumlisha najua. Nauliza tarehe kumi na nne iko wapi."

"Itakupita ukiwa juu ya bahari."

"Ndiyo siku aliyokufa mke wangu, Pacita. Kila mwaka namwashia mshumaa kaburini, nakaa naye mpaka jioni. Sijakosa hata mara moja."

Melinda alimkazia macho. Akahisi aibu, na hasira zikiwa bado hazijaisha. "Siku zote tatu hizi, mbona hukusema?"

"Hukuuliza."

Akazigonga herufi za kompyuta kama zimemkosea. "Haya. Kule unaondoka tarehe kumi, unafika hapa kumi na mbili. Ukinijia na uzi tena, nafunga duka."

"Kwa hiyo kumi na moja nayo inapotea?"

"Mwalimu!"

"Hiyo waichukue tu. Sina kazi nayo."

Alikwenda, akarudi, na tarehe kumi na nne alishinda kaburini. Kesho yake akaingia dukani, magoti yamemvimba, kadaftari mkononi. Safari ya kurudi, alisema, imechukua masaa kumi na matatu na dakika arobaini. Melinda alikuwa amemwambia kumi na matatu tu. Mzee alitaka kujua nani anawajibika kwa hizo dakika arobaini.