Kilele cha Mchezo wa Haki

Nilishuka basi kabla ya kituo changu, nikakokota sanduku uchochoro mzima. Mlango niliobisha ulikuwa umejaa hesabu za chaki.

"Usiushike!" sauti ikapasuka ndani.

Nilikuwa nimeshaushika. Kiganja kilitoka na nusu ya mlinganyo.

Alifungua mwenye nyumba aliyenipangisha chumba, fundi cherehani, utepe wa kupimia shingoni. "Karibu, mgeni. Huyo mwenye kelele ni mdogo wangu. Mtaa mzima unamwita Kilele. Leo anatetea tasnifu ya uzamivu, hata mimi simtambui."

Kilele alikuwa na gauni la heshima na ndala. Nilimwomba radhi, nikauliza nimefuta nini. Akanieleza taratibu, kama anayemlisha mgonjwa. Mchezo wa haki ni ule ambao, popote ulipofika, hatua ijayo kwa wastani haikupendelei wala kukuonea. Ukichukua wastani wa miraba, kisha kipeuo chake cha pili, kilele cha mchezo huo hakizidi maradufu ya pale unapoishia. Hilo lilishathibitishwa zamani. Sura ya mwisho ya tasnifu yake ilitaka mfano wa kuonyesha kwamba hayo maradufu hayapunguziki hata chembe.

"Rahisi tu. Unapanda, unafika kilele, ukishaporomoka hadi juu kidogo tu ya nusu yake, una..." Akaugeukia mlango. "Dada, nimekwisha."

"Umekwisha tangu ulipokataa chai."

"Nimeandika kilele cha mchezo mzima! Mchezaji atajuaje kwamba hatapanda tena? Nimemfanya mpiga ramli!"

"Kumbe! Na mimi ndiye unayenisema nakata nguo kwa kukisia."

Kilele hakucheka. Mmoja wa watahini wake, alisema, huishi kwa kuwinda kosa la namna hiyo. Akaitwaa chaki: mchezaji aache kucheza akishuka hivyo kutoka kilele cha hadi sasa, kile alichokwisha kukiona. Akakokotoa upya, midomo ikienda.

"Inasimama! Unayakaribia maradufu kadiri upendavyo."

"Kwa hiyo utanyamaza, mambo yaishe?"

"Nitawaambia kosa langu mwenyewe, kabla hawajauliza."

"Haya. Viatu, mama."

Akavaa viatu, akatoka mbio. Kwenye kona alisimama, akahesabu kitu kwa vidole, akaendelea. Dada yake alirudi kwenye cherehani, akapanga kitambaa chini ya sindano. Nilikaa naye muda mrefu. Mguu wake haukukanyaga pedali.