Sauti Nilizozipenda, na Ile Iliyozimisha Redio za Kabambare

Siku yangu ya kwanza kazini, mkurugenzi wa redio yetu ya Kasongo hakuniuliza diploma. Alinivalisha kaske, zile spika ndogo za kufunika masikio, akafungua mikrofoni ya studio ambamo kijana mmoja wa kwaya ya parokia alikuwa anangoja kuimba.

"Uko nasikia nini, Mama Feza?"

"Sisikie kitu, Directeur. Hajaanza bado."

"Ameanza. Sikiliza pumzi."

Kweli kabisa! Nilisikia hewa ikiingia kifuani mwake, taratibu, kama mtu anayejaza chupa ya mafuta bila kumwaga. Halafu ikaja noti ya kwanza, na vinyweleo vya mikono vikanisimama. Nilikuwa mwanamke mzima, mwenye watoto, niliyekwisha kufundisha shule ya msingi. Lakini siku ile nilijiuliza nimekuwa nikisikiliza nini maisha yangu yote.

Sisi watu wa sauti tulifanya kazi mbele ya mixa, meza yenye vifungo vya kupandisha na kushusha. Mwimbaji akisogelea mno mikrofoni, sauti inapasuka. Akikaa mbali, chumba kizima kinaimba pamoja naye, na bati la paa pia. Wengine "s" yao ilichoma sikio, basi niliwaomba wageuze uso kidogo, ikapoa.

Niliyempenda zaidi pale Kasongo alikuwa mzee mmoja wa kaswida, wa msikiti ulio karibu na soko. Hakuwa na sauti kubwa. Uzuri wake ulikuwa mwisho wa mstari: hakuikata sauti, aliiacha ishuke yenyewe mpaka ikae chini. Mimi Mkristo niliacha vifungo vyangu nikamtazama tu. Na walionikera? Wale wanaotetemesha kila neno ili tujue wanaweza. Mmoja alikuja kurekodi wimbo wa harusi, akatetemeka kuanzia "bwana" mpaka "bibi arusi." Directeur akaninong'oneza: "Huyu iko anaimba, ao iko na malaria?"

Kisha nikapelekwa Kabambare, kwenye stesheni ndogo ya redio iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza. Nilikwenda kwa pikipiki, mixa nimeifunga kwa kikwembe, kitambaa changu cha kitenge, nimeipakata kama mtoto mchanga katika matope yote yale. Huko nilimkuta chef, yaani mkuu wa stesheni, mtu mwema, mpole, mwenye upendo mkubwa wa muziki. Ole wetu, alikuwa anaimba!

Kila asubuhi alifungua redio kwa wimbo alioutunga mwenyewe. Alianza juu sana, koo likambana, akalazimisha. Ilikuwa kama mlango wa chuma unaoburuzwa sakafuni. Mama wa nyumba niliyopanga alinifundisha desturi ya mtaa: redio inawashwa baada ya chef kumaliza. Nilicheka, mpaka siku muuguzi mkuu wa kituo cha afya alipoingia studioni amekasirika.

"Chanjo ya surua tuliitangaza hapa, na wamama hawakuja! Wanasema hawakusikia kitu."

Chef alishangaa. Tangazo lilisomwa vizuri, mara tu baada ya wimbo wake. Na mimi nilijua ni kwa nini halikusikika: wakati ule mtaa ulikuwa bado haujawasha redio. Surua ilikwisha kuingia vijiji vya jirani. Muuguzi alipotoka, nikafunga mlango.

"Chef, watu wanafunga redio wakati unaimba."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Hata wewe, Mama Feza?"

"Mimi niko na kaske, Chef. Sina pa kukimbilia."

Nilidhani atanirudisha Kasongo. Akasema polepole, "Basi tutafute mutu."

Tuliwaita waimbaji. Akaja msichana mwenye sauti tamu kama asali, lakini alimeza maneno yote. Ukisikiliza hujui kama anaita watu ao anawafukuza. Akaja mchimbaji dhahabu kutoka machimbo ya Lusangi, mzaliwa wa Kivu, aliyezoea kuimba karibu na mashine za kusaga mawe. Sindano za mixa, zile zinazopima ukubwa wa sauti, zililala upande wa mwisho! Wa tatu alikuwa Mama Mwamini, muuza mawese wa sokoni. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, imechoka kwa kunadi mafuta.

"Hii inakwaruza," chef aliniambia pembeni.

"Inakwaruza, Chef, lakini halazimishi. Fumba macho."

Mama Mwamini aliimba tangazo la chanjo kwa Kiswahili, kisha kwa Kibangubangu. Kila neno lilikuwa wazi, na katikati ya mstari alivuta pumzi bila haraka, kama jirani aliyesimama mlangoni akikuambia jambo. Chef alifumba macho. Alipoyafumbua, yalikuwa na maji.

Mama Mwamini alikwisha kulitangazia soko zima, na kesho yake asubuhi redio zilikuwa wazi mtaa mzima. Nilitoka nje nikazisikia zikiimba kutoka nyumba hadi nyumba, na nikapiga vigelegele peke yangu barabarani! Siku chanjo iliporudiwa, foleni ya wamama ilizunguka kituo cha afya, watoto mgongoni, na baadhi yao walikuwa wanaimba wimbo ule ule wa Mama Mwamini, wamebadilisha maneno kidogo tu.

Nilibaki na deni la ukweli wa pili kwa chef. Nilimwambia, "Ukiimba unapanda mahali si pako. Ukisema, unakaa chini, na sauti yako iko na joto. Soma matangazo ya msiba wewe." Alisoma. Watu wa Kabambare walianza kusema kwamba ukifiwa, afadhali habari uipate kwa sauti ya chef. Hakuimba tena redioni, ila nilimsikia akiimba bafuni, kwa furaha kubwa na vibaya sana.

Sasa nimestaafu, niko kwenye retreti kama tunavyosema huku Kasongo. Vijana wanasafisha sauti kwa simu mpaka hakuna pumzi inayosikika. Mimi ninakwenda kwenye mazoezi ya kwaya, ninakaa benchi la nyuma. Juzi msichana mgeni alipanda noti ya juu, sauti ikavunjika, wenzake wakacheka. Nikajikuta nimesimama.

"Musicheke! Mutoto, rudilia pale pale!"

Maestro wa kwaya akageuka. "Mama Feza, uko kwenye retreti."

Msichana alivuta pumzi. Nikaisikia kutoka benchi la nyuma, taratibu, imejaa, na kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimekwisha kupiga makofi.