Raketi Kwenye Seng'enge

Nimehama miji mingi kiasi kwamba mama yangu akinipigia simu huanza na, "Haya, leo uko wapi?" Nairobi, Muscat, Athene. Brussels nilikuja kupita tu. Kilichonishika ni kiwanja cha tenisi cha bustani ya mtaa, hapa Saint-Gilles, chenye nyufa zilizoota majani na wavu uliolegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo.

Kilikuwa cha bure. Ukifika unatundika raketi yako kwenye seng'enge, nyuma ya zilizotangulia, na hiyo ndiyo zamu yako. Aliyetundika haondoki, hata manyunyu yaanze. Siku ya kwanza nilipotundika yangu, mzee mmoja aliyevaa nyeupe tupu aliitazama akacheka.

"Petit, hii ni raketi ao ni mwiko ya bukari?"

Nikamjibu kwamba mwiko wangu wa ugali utamkimbiza mpaka aombe maji. Akanishinda vibaya. Tangu siku hiyo nikamwita tonton, yaani mjomba, kama Wakongo wenzake walivyomwita; mimi nikabaki petit, mdogo wake.

Alitoka Lubumbashi, mkoani Katanga. Tenisi alijifunza ujanani kwenye kiwanja cha kampuni ya migodi. Mimi nilijifunza Tanga, kwenye klabu ya shamba la mkonge ambako baba alikuwa fundi umeme. Tukikaa kwenye benchi kungoja zamu tulikuwa tukivijenga upya vile viwanja viwili: udongo mwekundu uliomwagiwa maji asubuhi, mistari ya chokaa, soksi ambazo hazikutakata tena hata uzifue kwa sabuni gani. Nilikuwa nimeishi kote huko bila kukutana na mtu wa kumweleza harufu ya udongo ule. Yeye hakuhitaji kuelezwa. Kila Jumapili alikuja moja kwa moja kutoka misa, kaptula imenyooshwa kwa pasi, na kila Jumapili nilijiambia Brussels si mji mbaya.

Masika yaliyopita manispaa ikaleta mafundi na rangi. Nyufa zikazibwa, kiwanja kikagawanywa vipande vidogo vya kijani na buluu, nyavu zikashushwa. Watu wakaja na vibao vifupi na mpira wa plastiki wenye matundu, wakicheza mchezo unaoitwa pickleball. Tonton alishika seng'enge kwa vidole akatazama kwa muda mrefu. Kishindo kile kizito cha mpira wa tenisi hakikuwapo tena. Ilikuwa tak, tak, tak, kama mtu anakata vitunguu.

"Bon," akasema. "Hii ni ping-pong yenye ilikosa meza. Mi sirudiye hapa tena."

Kweli hakurudi. Nikipiga simu, leo ni goti, kesho ni wageni. Jumapili zangu zikawa ndefu. Nikaanza tena kutazama ratiba za treni, na rafiki aliyeko Lyon aliponiambia kuna kazi ya ghala, nilishusha begi kutoka juu ya kabati hata kabla hajamaliza kueleza. Nikampigia tonton kumuaga.

Akanijibu: "Jumapili, kuya na raketi."

Nilimkuta kiwanjani, amefika kabla yangu, amevaa nyeupe kama siku zote, raketi yake ya tenisi ikining'inia peke yake katikati ya vibao vya plastiki. Nikatundika yangu nyuma yake. Zamu ilipofika, mama mmoja Mbelgiji akatuambia kwa upole kwamba raketi hazifai kwa mpira ule, akatuazima vibao. Tonton akakigeuza chake huku na huku kama anayekagua samaki sokoni.

Mpira wa kwanza aliupiga kwa nguvu zote za Katanga. Ukasafiri hatua chache, ukachoka, ukaanguka. Wa pili aliukimbilia kwenye wavu akaukata hewani, na yule mama akapiga kelele: hapo karibu na wavu huruhusiwi kuupiga kabla haujadunda, sehemu hiyo inaitwa jikoni.

"Jikoni?" Tonton akanigeukia. "Mama yangu alikuwa ananifukuza mu jikoni. Alors, na huku Ulaya banifukuze tena?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Na hapo, usawa wa magoti, nikauona mstari wa zamani wa tenisi chini ya rangi ya buluu, umefifia lakini upo. Nilimwonyesha. Akaufuta vumbi kwa ncha ya kiatu.

Tulishindwa. Tukarudisha vibao, nami nikaenda kwenye seng'enge kutungua raketi zetu. Watu walikuwa bado wanangoja, ilibidi tuwapishe.

"Yangu, iache," akasema nyuma yangu. "Mi nangojea zamu ingine." Akaketi kwenye benchi, akinyoosha goti lake bovu. "Na kule Lyon, utatundika yako wapi, petit?"

Raketi yangu nilikuwa nayo mkononi. Nilisimama nayo pale, tak tak ikiendelea, nikijaribu kuiwaza Lyon, mji ambao sijawahi kufika. Kisha nikaitundika nyuma ya yake, nikaenda kuketi.